Moto Wodini: Kwa Nini Mgonjwa Husogezwa Pembeni Kabla ya Kushushwa Chini

Shuleni, sokoni na ofisini tumefundishwa kanuni moja ya moto: king'ora kikilia, acha kila kitu, toka nje. Kanuni hiyo inamfaa mtu ambaye miguu yake inamtii. Ukiipeleka wodini inagoma. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua saa mbili zilizopita hawezi kushuka ngazi. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mguu umefungiwa uzito, hawezi hata kugeuka ubavu. Yupo anayepumua kwa mashine, na yupo mtoto njiti ambaye joto la mwili wake linategemea kifaa alicholazwa ndani yake. Kuwaambia watu hawa watoke nje ni kuwaamuru jambo wasiloliweza.

Kwa sababu hiyo hospitali ina utaratibu wake wa moto, tofauti na wa majengo mengine, na wengi wetu hatuujui ingawa wodini tunashinda na kulala tukiuguza ndugu zetu. Hapa Mwanza tuna kila sababu ya kuujua. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoonekana toka pande nyingi za jiji, ina vitanda zaidi ya 900 na hupokea wagonjwa kutoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga. Chini yake mjini ipo Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali binafsi nazo zinaongezeka, nyingine zikipanda ghorofa kwa kuwa kiwanja kilichobanwa na mawe hakina pa kutanukia. Ninayoyaeleza hayaihusu hospitali moja. Yanaihusu yoyote yenye wodi, ngazi na watu wasioweza kutembea.

Tuanze na kinachoua. Katika moto wa ndani ya jengo, wengi hufa kwa moshi kabla moto wenyewe haujawafikia. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani huku madirisha yamefungwa. Hewa hii hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo mtu anavuta pumzi lakini damu haibebi kitu. Godoro la sponji likiungua huongeza sumu nyingine, sianidi. Mgonjwa wa mapafu, wa moyo, au mwenye upungufu wa damu hana akiba ya kuvumilia hata kidogo, na kiasi cha moshi kinachomkohoza muuguzi kinaweza kummaliza yeye.

Moshi una joto, kwa hiyo hupanda. Hujaa darini kwanza, halafu hushuka taratibu kama pazia. Kwenye korido husafiri kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, lakini ukipata ngazi iliyo wazi au shimo la lifti hupanda kwa kasi kubwa zaidi, mita kadhaa kwa sekunde. Hakuna anayeweza kupanda ngazi akaushinda. Hivyo moto ulioanzia stoo ya chini unaweza kuwaua watu wa ghorofa ya juu ambao hawajaona hata cheche. Ndivyo ilivyotokea Kolkata, India, alfajiri ya tarehe 9 Desemba 2011 katika hospitali ya AMRI. Moto uliwaka kwenye ghorofa ya chini ya ardhi iliyokusudiwa kuegesha magari lakini ikawa imejazwa vitu vinavyoshika moto. Moshi ukapanda ndani ya jengo lililozibwa kwa vioo nje. Walikufa watu wapatao 90, wengi wao wagonjwa vitandani, na wengi kwa kukosa hewa.

Sasa swali linakuwa hili: ikiwa mgonjwa hawezi kukimbia na moshi unakwenda kasi, afanyiweje? Jibu ambalo wasanifu wa hospitali wamelifikia ni kuligawa jengo. Kila ghorofa inakatwa vipande viwili au zaidi kwa kuta zinazohimili moto, kuanzia sakafuni hadi kwenye zege la juu, siyo kuishia kwenye dari la mbao au jipsamu. Katikati ya vipande kunakuwa na milango mizito inayojirudishia yenyewe, mingine imetengenezwa kuhimili moto kwa dakika 30, mingine 60. Kanuni za Marekani zinadai kila ghorofa wanayolala wagonjwa igawanywe angalau vipande viwili kwa kuta za kuzuia moshi, na korido za hospitali mpya ziwe na upana wa mita 2.4 ili vitanda viwili viweze kupishana. Uingereza nayo inafuata fikra hiyo hiyo.

Moto ukizuka, wagonjwa wanasogezwa upande wa pili wa mlango, kwenye ghorofa ile ile. Hapo wanasubiri, wanaendelea kuuguzwa, dripu zinaendelea. Moto ukitishia na kule, wanasogezwa kipande kinachofuata. Kushuka ngazi ni hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Mtu anaposikia hivyo mara ya kwanza hushtuka: unambakizaje mgonjwa ndani ya jengo linalowaka? Tufanye hesabu. Chukua wodi ya wagonjwa 30 kwenye ghorofa ya tatu, saa nane usiku, zamu ina wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Tuseme 18 wanatembea na 12 hawainuki. Kumshusha ngazi mgonjwa asiyeinuka kunataka watu watatu au wanne. Tuseme watatu, na kila safari ya kwenda na kurudi ichukue dakika tano. Wagonjwa 12 ni saa nzima, na hapo nimewahesabu wabebaji kana kwamba hawachoki. Sasa wagonjwa hao hao waburutwe juu ya magodoro yao, sakafuni, kwa mita 20 hadi ng'ambo ya mlango. Wanatosha watu wawili, dakika moja na nusu kwa kila mgonjwa pamoja na kurudi. Jumla ni dakika 18. Mtumishi wa tatu wa zamu akipata ndugu mmoja wa mgonjwa wa kumsaidia, zinakuwa jozi mbili, na dakika zinashuka hadi tisa.

Chumba chenye godoro la sponji linalowaka kinaweza kulipuka moto chote ndani ya dakika tatu hadi tano. Saa nzima haiingii humo, wala dakika tisa haziingii. Lakini mlango wa dakika 30 ukiwa umerudishiwa, dakika tisa zinapatikana, na 18 pia. Uhai wa wodi nzima unasimama kwenye mlango huo.

Ushahidi ni wa zamani. Tarehe 8 Desemba 1961, katika hospitali ya Hartford nchini Marekani, moto uliwaka ndani ya bomba la kutupia taka na kufyatuka kwenye korido ya ghorofa ya tisa. Dari na vifuniko vya ukuta vikaushika na kuusambaza. Walikufa watu 16, wagonjwa, wafanyakazi na waliokuja kuona wagonjwa. Wakati huo huo, kwenye korido ile ile, wagonjwa ambao milango ya vyumba vyao ilikuwa imerudishiwa walinusurika. Tangu hapo kumrudishia mgonjwa mlango kumekuwa moja ya mambo ya mwanzo anayofundishwa muuguzi kuhusu moto: mwokoe aliye hatarini, piga king'ora, fungia moto kwa kurudishia milango, ndipo uzime kama ni mdogo au uhamishe watu kama umekuzidi. Mfuatano huo una maana yake. Muuguzi anayekimbilia mtungi wa kuzimia moto kabla ya kuita msaada na kufunga mlango anaweza kuwa jasiri na bado akaipoteza wodi.

Kwa macho yangu hapa ndipo tunapokosea zaidi, na tunakosea kwa namna mbili zinazopingana. Milango inayopaswa kuwa imerudishiwa imeegemezwa tofali au kufungwa kamba ibaki wazi, kwa sababu machela yanapita, hewa inahitajika, na springi inachosha. Na milango inayopaswa kufunguka kwa kusukumwa, ile ya dharura mwisho wa korido, imepigwa kufuli na mnyororo. Nimepita wodi ambazo hali zote mbili zipo kwenye korido moja.

Kufuli hilo halijawekwa kwa ubaya. Hospitali inaogopa wagonjwa wanaotoroka bila kulipa bili, inaogopa wezi wa simu na wezi wa vifaa, na kwenye wodi za wagonjwa wa akili au za watoto kuna hofu ya mtu kupotea. Hofu hizo ni za kweli. Lakini saa nane usiku ufunguo uko kwa mlinzi, mlinzi yuko getini, na taa zimezimika kwa kuwa meini swichi imekatwa. Zipo njia nyingine: kitasa cha kusukuma kwa mwili kinachofungua mlango toka ndani tu na kupiga kengele kila kinapoguswa, au mlinzi anayekaa pale pale mlangoni. Nondo za madirishani nazo ziwe na angalau fremu moja kila chumba inayofunguka toka ndani. Kwa milango inayotakiwa kurudishiwa lakini inapitwa siku nzima, vipo vishikizo vya sumaku vinavyoushika mlango wazi na kuuachia wenyewe king'ora kikilia. Vina gharama. Hospitali isiyoweza kuvimudu inaweza kumpa mtu mmoja kila zamu jukumu la mlango huo, jina lake likaandikwa ubaoni.

Nani atangulie? Swali hili huumiza. Kwanza ni aliye kwenye chumba chenye moto na walio jirani naye, wawe wanaweza kutembea au la. Baada ya hao, wanaotembea huondoshwa wote kwa pamoja, wameshikana mikono nyuma ya muuguzi mmoja. Wanafuata wa viti vya magurudumu, na mwisho wale wa kuburutwa. Moyo unataka kinyume chake, kumkimbilia aliye dhaifu kuliko wote. Ila watu 18 wanaozagaa koridoni kwa hofu wataziba njia ya magodoro 12, na hapo watapotea wote.

Godoro, shuka na blanketi ndivyo vifaa vya uokoaji tulivyo navyo tayari. Mgonjwa anateremshwa sakafuni pamoja na shuka lake, miguu kwanza au kichwa kwanza kutegemea njia, anaviringishwa, anavutwa. Chini ndiko hewa iliko. Vitanda vyenye magurudumu vinafaa ikiwa milango ni mipana na korido haijajaa vitanda vya ziada. Na tunajua wodi zetu zilivyo wakati wa msimu wa malaria: wagonjwa wawili kitanda kimoja, wanalala mzungu wa nne, wengine chini koridoni. Msongamano huo ni tatizo la huduma, na ni tatizo la moto vilevile. Kila godoro la koridoni linapunguza upana wa njia na kuongeza kitu cha kuungua humo humo njiani.

Inapobidi kushuka, lifti ya kawaida haitumiki. Umeme ukikatika mnakwama ndani, na shimo lake ni bomba la moshi. Ngazi iwe ndani ya kuta zake na mlango wake, taa za dharura za betri ziwashe zenyewe, na chini ya ngazi pasigeuzwe stoo ya magodoro mabovu na maboksi ya dawa. Majengo yenye njia za mteremko badala ya ngazi peke yake yana faida kubwa, maana kitanda kinateremshwa na watu wawili. Hospitali kongwe za misheni na za wilaya zilizojengwa kwa wodi za chini zilizotengana, zikiunganishwa na vibaraza, zilikuwa na hekima hiyo tangu awali: moto wa wodi moja ulibaki hapo. Tunaiharibu hekima hiyo kila tunapojaza nafasi iliyo kati ya wodi mbili kwa stoo ya bati.

Oksijeni inastahili aya yake. Yenyewe haiungui, lakini inakifanya kila kitu kiungue kwa fujo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikizidi kidogo tu, kuanzia asilimia 24 hivi, nguo na shuka hushika haraka na kuwaka vikali. Barakoa iliyoachwa juu ya kitanda huku gesi inatoka inalilowesha shuka kwa oksijeni. Mafuta na grisi kwenye mdomo wa mtungi ni hatari kubwa. Baghdad, usiku wa tarehe 24 Aprili 2021, moto ulioanza kwa mlipuko wa mitungi ya oksijeni katika hospitali ya Ibn al-Khatib, iliyokuwa ikitibu wagonjwa wa Covid-19, uliua watu wasiopungua 82. Ndugu wengi walikuwa wamo ndani wakiuguza. Kwa hospitali zenye oksijeni ya mabomba, koki ya kila wodi huwa koridoni kwenye kiboksi chake. Lazima ijulikane nani mwenye mamlaka ya kuifunga, kwa kawaida muuguzi kiongozi wa zamu, na haifungwi kabla ya kuhakikisha wanaoitegemea wamepewa mitungi midogo ya kuondokea.

Watoto wachanga nao wana hesabu yao. Mei 25, 2022, watoto wachanga 11 walikufa katika moto wa hospitali ya Tivaouane, Senegal, uliohusishwa na hitilafu ya umeme. Chumba cha watoto njiti kina mashine za joto, oksijeni na ekstensheni nyingi kwenye soketi chache, na wasiojiweza kabisa. Kuwabeba mmoja mmoja ni kujichelewesha. Vipo vizibao vyenye mifuko ambavyo muuguzi mmoja huvaa na kubeba watoto kadhaa, na fundi cherehani wa Mwanza anaweza kuvishona. Akina mama wanaowalea kwa huduma ya kangaruu, mtoto akifungwa kifuani ngozi kwa ngozi, wapo wodi ya jirani. Wafundishwe mapema: kengele ikilia, njooni mlango huu, pokea mtoto yeyote unayepewa, kitambulisho kiko mguuni, mtabadilishana baadaye.

Upepo wa ziwa sijasikia ukitajwa kwenye mipango, nao una neno. Mchana huvuma toka majini kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Jengo la mlimani lililo wazi kwa upepo huo, dirisha likivunjwa upande unaopigwa, moshi husukumwa ndani ya korido. Upande ulio salama saa nane mchana unaweza usiwe salama saa nane usiku. Eneo la kukusanyikia vilevile: liwe moja kila upande, lisilo kwenye njia ya gari la Zimamoto, lenye kivuli au paa, kwa sababu mgonjwa aliyetolewa salama anaweza kufa kwa jua au mvua.

Na gari hilo linafikaje? Barabara za kupanda vilima vya Mwanza ni nyembamba, na milango ya hospitali ina foleni ya bodaboda, bajaji na mama ntilie. Ukerewe ni kisiwa, gari la kuongeza nguvu toka jijini litasubiri kivuko. Ziwa lote lile lipo chini yetu, lakini maji ya kuzimia moto ni yale yaliyo kwenye tangi la hospitali na yenye nguvu ya kufika ghorofa ya juu. Johannesburg, tarehe 16 Aprili 2021, hospitali ya Charlotte Maxeke iliungua, na ikaripotiwa kwamba viungio vya mabomba ya pale havikuingiliana na mipira ya wazimamoto. Wagonjwa wapatao 700 walihamishwa na hakuna aliyekufa kwa moto huo, jambo linaloonyesha uzito wa kuhamisha kwa utaratibu hata pale maji yanapogoma. Jaribio la kuunganisha mpira wa Zimamoto kwenye bomba la hospitali linachukua asubuhi moja.

Sheria ipo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo, na OSHA nayo inasimamia usalama mahali pa kazi. Lakini ukaguzi wa mchana huona mitungi imening'inia na vibandiko vya kijani ukutani. Hauoni zamu ya usiku. Zoezi la maana hufanyika saa za usiku, na watumishi walewale watatu, wakimburuta mwenzao juu ya godoro huku mtu ameshika saa. Dakika zitakazopatikana ziandikwe na kubandikwa chumba cha wauguzi.

Sisi tunaouguza tuna sehemu yetu. Kolkata, wakazi wa mtaa wa jirani waliokimbilia kusaidia waliripotiwa kurudishwa na walinzi dakika za mwanzo. Ndugu wa mgonjwa ni mikono ambayo zamu ya usiku haina, lakini asiyejua njia anakuwa mzigo. Unapompeleka baba au shangazi kulazwa, mwulize sista: mlango wa dharura ni upi, unafunguliwa na nani, na tukiambiwa tusogee tunasogea upande gani? Kisha tembea hadi pale kwa miguu yako. Usichemshe chai kwa hita ya waya kando ya kitanda chenye oksijeni, wala usichomeke chaja kwenye ekstensheni ya mashine ya mgonjwa. Na ukiuona moto, mwite muuguzi kwa sauti, rudishia mlango wa chumba hicho baada ya kumtoa aliyemo, halafu piga 114. Waambie hospitali gani, jengo gani, ghorofa ya ngapi, geti gani liko wazi, na mitungi ya oksijeni imehifadhiwa upande upi.